Mdogo wangu yuko kiwanda cha chai, shifti ya usiku, sonona inamnyemelea: afanyeje asipoteze kazi?

Mwana_Mafinga: Wakuu, mdogo wangu wa kike yuko kiwanda cha chai huku Mufindi, kibarua cha msimu. Chai ikipungua wanamsimamisha, ikirudi wanamwita. Sasa yuko usiku mfululizo na ana mtoto wa miezi 7. Wiki ya tatu hii halali hata mchana, chakula hakipandi, analia tu. Msimamizi kamwambia kwa mdomo, "Kapumzike, tutakuita." Ana likizo ya ugonjwa au msimu unamfuta?

Kifungu_kwa_kifungu: Asiondoke kwa maneno ya mdomo! Akikosekana zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa, itaandikwa utoro, na msimamizi hatakumbuka alichosema. Msimu haumfuti: Sheria ya Ajira ya 2004, kifungu cha 29, inampa likizo yenye malipo hata mfanyakazi wa msimu. Wakibisha kwamba ni wa msimu, inajumlisha vipindi alivyomfanyia mwajiri huyohuyo ndani ya mwaka. Vikizidi miezi 6, anastahili. Ya ugonjwa ni siku 126 katika miezi 36: 63 mshahara kamili, 63 nusu. Atafute hati za mshahara za kila kipindi. Wengi wanakwama hapo.

Nesi_Tukuyu: Pole kaka. Akitoka saa 12 asubuhi anakuta mtoto anataka ziwa, maji hayajachotwa. Alale saa ngapi? Amweleze daktari ratiba hiyo yote, la sivyo ataandikiwa mapumziko ya siku 3 na kurudishwa usiku uleule. Cheti kiseme wazi kwamba *hafai kazi za usiku*. Kifungu cha 20 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri amhamishie mchana, labda iwe haiwezekani kabisa. Akipewa dawa, aseme ananyonyesha, na asiziache wiki ya kwanza eti hazifanyi kazi. Huchukua wiki kadhaa. Akitaja kujiua au kumdhuru mtoto, hospitali leo hii, asiachwe peke yake.

Mwana_Mafinga: Asante dada. Mchana hela itapungua?

Kifungu_kwa_kifungu: Ataikosa nyongeza ya usiku tu, ambayo kisheria haipungui 5% ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Cheti apeleke nakala, asainiwe kupokelewa. Wakimwachisha, fomu ya malalamiko CMA F1 ijazwe Iringa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30.

Mdau_Uyole: Na fidia ya WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi?

Kifungu_kwa_kifungu: Huko lazima uthibitishe kazi ndiyo iliyomwuguza. Kwa sonona ni kibarua kizito. Aanze na cheti.