Hadithi ya mapenzi dukani, nifanyeje isomeke kama kweli?

mwandishi_wa_usiku: Wakuu habarini. Naandika hadithi ya kijana anayeuza kwenye duka la Mangi hapa Dar (yale maduka madogo ya mtaani, wenye nayo wengi ni Wachaga, ndo maana muuzaji anaitwa tu Mangi) na dada mmoja mpangaji wa nyumba ya jirani. Nataka msomaji aamini kabisa hawa watu wanapendana, siyo kila sura wanaangaliana tu halafu moyo unadunda. Mlioandika hadithi au kuuza dukani nipeni mawazo.

Shangazi K: Mwanangu anza na nondo za dirisha la duka. Mteja anasimama nje, vitu vinapitishwa kwenye kidirisha, kwahiyo vidole vyao vinakutana kwenye chenji tu basi. Na usiwaache wamalize kuongea, mtoto katumwa sukari robo, mama anataka mafuta ya kupima, bodaboda anataka kutoa hela kwenye simu na ana haraka, kila akitaka kusema neno anaitwa Mangi Mangi. Hapo msomaji mwenyewe atatamani wale wateja waondoke.

muuza_duka_mstaafu: Mkuu usisahau daftari la madeni. Muuza duka anamjua mtu kwa manunuzi, dada akichukua yai moja anajua anakula peke yake, akishuka toka unga kilo mpaka nusu anajua mshahara umekata, hajaambiwa na mtu. Sasa akimkopesha kuliko wengine ni upendo au anamfunga? Hapo andika sura nzima, maana dada anayejiheshimu hilo litamsumbua sana. Halafu duka mara nyingi siyo la kijana, ni la mjomba aliyemleta toka Moshi, analala humohumo dukani, jioni mahesabu lazima yakae sawa. Soda moja ya bure anailipa mwenyewe. Upendo wake uoneshe hapo, siyo kwenye maneno matamu.

Neema wa Mbagala: Naongezea, huna haja ya ajali wala tajiri wa kuwatenganisha. Desemba inatosha, Wachaga wanapanda Moshi kula Krismasi, duka linafungwa, dada anaenda duka lingine huko hakopeshwi na hamna anayemuuliza kama kikohozi kimepona

mwandishi_wa_usiku: Asanteni sana, la mjomba na mahesabu naanza nalo leoleo. Ila dada aendelee kumwita Mangi mpaka lini?

Shangazi K: Mpaka siku anayomaliza deni. Akishahakikisha amefutwa kwenye daftari ndo amuulize jina lake, tena foleni ikiwa ndefu nyuma yake.