Mbwa wangu mzee anateleza ndani hadi anaogopa kwenda kunywa maji

Baba Popi:
Wakuu, heshima kwenu. Nina mbwa dume, Popi, ana miaka 12 na kilo 31. Sakafu yetu yote ni vigae vinavyong'aa. Miaka yote hiyo alikuwa akikimbia juu yake bila shida. Sasa anafika mwisho wa zulia la sebuleni, anasimama, anaitazama bakuli ya maji iliyo ng'ambo, miguu ya nyuma inamtetemeka. Akijipa moyo, anapita ameambaa ukuta kama mwizi. Juzi miguu ya nyuma ilipiga msamba katikati ya sebule, akabaki amelala pale ananiangalia bila hata kulia. Nilimwinua, na nakiri mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikitetemeka zaidi.

Nimemvalisha soksi za mtoto, zikazunguka hadi kisigino kikaja juu, akaanguka vibaya kuliko kabla. Nimetandika kizulia, nacho kikakimbia naye. Halafu kuna kitanda: amezoea kulala miguuni petu, kimo sentimita 60. Kupanda hawezi tena, ila usiku anajaribu na tunasikia kishindo.

Maswali mawili. Sakafu niifanye nini bila kuing'oa? Na mimi nina vidonge vyangu vya maumivu ya goti, naweza kumpa nusu?

Msaidizi wa Kliniki:
Baba Popi, nianze na la mwisho: USIMPE. Ibuprofen, dawa ya maumivu ya watu, inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na kwa paka kidonge kimoja tu cha paracetamol kinaweza kuua. Dawa za maumivu za mbwa zipo, ila daktari wa mifugo ndiye ampime na kumpangia kiasi.

Sasa mgeuze nyayo uangalie. Kama manyoya yametokeza katikati ya zile nyama nyeusi, hapo anatembea na soksi alizozaliwa nazo. Yapunguze kwa mkasi wenye ncha butu, taratibu. Kisha msikilize akipita: kama kucha zinagonga ko-ko-ko, ni ndefu. Mbwa anayeogopa kuteleza hukunja vidole ashike kwa kucha, na kucha haishiki kigae hata siku moja, inayoshika ni ile nyama. Kata kidogokidogo kila wiki. Ndani ya kucha kuna nyama yenye damu, na ukipunguza ncha mara kwa mara nayo hurudi nyuma. Ukikata nyingi kwa mkupuo mmoja utamtoa damu na hatakupa mguu tena.

Jambo jingine: siku ukiona miguu imekufa ghafla, anaiburuta, au anakunja nyayo na kukanyagia mgongo wa mguu, huo si uzee. Mpeleke siku hiyohiyo, maana uti wa mgongo ukibanwa kila saa ina thamani. Na kilo 31, sijui umbo lake, ila mpapase mbavu. Kama huzipati kirahisi chini ya ngozi, apungue.

Mama Paka Wawili:
Sina mbwa, ila nakuelewa ndugu yangu. Paka wangu mkubwa hakuwahi kuchechemea, aliacha tu kuruka dirishani. Nikadhani amekuwa mvivu. Kisha akaanza kukojoa kando ya trei ya mchanga, nami nikamgombeza karibu mwezi mzima. Kumbe ukingo wa trei ulikuwa mrefu, kuinua mguu kunamuuma! Nilikata upande mmoja ukabaki mlango wa vidole vinne kwenda juu, nikausugua kwa msasa usimkwaruze. Siku hiyohiyo aliingia. Bado naona aibu.

Wa pili ni kipofu, na kwake siri ni moja: usihamishe kitu. Nilisogeza kochi kwa ajili ya wageni, asubuhi akaja mbio kama kawaida yake akaligonga kwa pua. Ramani yote ya nyumba anayo kichwani, mimi ndiye niliyeichana. Popi naye, kama macho yanaanza kufifia, mwachie taa ndogo usiku kati ya kitanda na maji.

Seremala Mstaafu:
La kitanda niachie mimi. Watu hutengeneza ubao wa kupandia ulio mfupi kwa sababu chumba ni kidogo, halafu wanasema mbwa mkaidi. Wa kwanza niliomtengenezea mbwa wangu ulikuwa na mita moja. Aliutazama, akanitazama, akaondoka. Alikuwa na akili kunizidi.

Kwa kimo cha sentimita 60 usipungue mita 1.8, yaani urefu mara tatu ya kimo. Hapo mwinamo ni kama nyuzi 19 au 20, na ukipata nafasi ya kurefusha zaidi, refusha. Upana sentimita 40. Pembeni piga vibao vya kuzuia mguu usitoke nje. Juu gundi zulia fupi lisilo na vitanzi, maana vitanzi hunasa kucha, na usitumie misumari upande anaokanyaga. Miguu ya ubao ivae mpira. Kabla hajapanda yeye, kanyaga wewe: ukiyumba mara moja tu naye yupo juu, umempoteza. Mfundishe kwanza ubao ukiwa umelazwa sakafuni.

Baba Popi:
Wakuu, narudi na mrejesho, wiki tatu sasa. Daktari amempiga picha: nyonga zimesagika. Amempa dawa yake, na vidonge vyangu nimevifungia kabatini.

Sakafuni nimelaza mikeka ya mpira ya mazoezi, nimeikata vipande kutoka anapolala hadi kwenye maji hadi mlangoni. Mwanzo niliacha nafasi ya hatua moja kati ya kipande na kipande, nikijua ataivuka. Wapi! Alisimama ukingoni kila mara kama amefika mtoni. Nikaiunganisha, na jioni hiyo akaenda kunywa mwenyewe, katikati ya sebule, mkia juu. Kwenye ngazi za nje nampitishia taulo chini ya tumbo, karibu na mapaja, nambeba uzito kidogo. Kwa wenye dume: msibane pale anapokojolea. Mimi nilijifunza kwa kulowa.

Seremala, ubao ni imara, nimeukanyaga na kuurukia. Popi anaupanda hadi katikati, analala hapohapo kwenye zulia. Hashuki wala hamalizii. Tumeona bora tuondoe kitanda tulaze godoro chini, sasa anayelalamika kuinuka asubuhi ni mke wangu.