Tupeane uzoefu: Ulirekebisha nini kabla ya mvua, nyumba ikaanza kuonekana kubwa?

Mwenye uzi

Wakuu, salaam. Naanza na langu, msije mkasema nachokonoa ya watu tu.

Nyumba yangu ina vyumba vitatu, ila kwa misimu miwili ya mvua tumeishi kwenye viwili. Cha nyuma kilikuwa kinavuja. Si kuvuja kwa kutisha: tone, kimya, tone, ndoo moja inatosha usiku mzima. Ila ukishaweka ndoo katikati ya chumba, chumba hicho umekifunga. Kitanda kikahamia sebuleni "kwa muda", kabati likafuata, godoro la wageni likasimamishwa koridoni tukawa tunapita kiubavuubavu. Halafu tukaanza kulalamika nyumba ndogo! Mke wangu alishachora hadi ramani ya chumba cha kuongeza.

Mafundi wawili, kwa nyakati tofauti, walipaka lami juu ya bati pale pale tone linapoangukia. Haikusaidia kitu. Siku moja mvua inanyesha nikaamua kuingia darini mwenyewe na tochi, nakanyaga mbao tu maana dari haibebi mtu. Nikafuata mchirizi kwa kidole. Maji yalikuwa yanaingilia juu kabisa karibu na kofia (lile bati la kileleni mwa paa), kwenye msumari ambao raba yake imekauka na kupasuka, yanateremka na ubao wa kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa, zaidi ya mita mbili, yakikuta fundo kwenye mbao ndipo yanadondoka. Msumari mmoja. Nikauzungushia chaki kwa ndani, jua lilipotoka fundi akaung'oa na kuweka skrubu nene zaidi yenye raba mpya ili ing'ate mbao vizuri. Nikamwambia akague mstari mzima: mingine saba ilikuwa hali ile ile.

Kitanda kimerudi chumbani. Sebule sasa ina mwangwi. Sijanunua kioo wala kopo la rangi. Ndiyo maana nauliza: kwenu ni tatizo gani lilikuwa linakula nafasi bila nyie kujua?

Kipepeo Mweusi

Ngoja niwahi siti ya mbele, kisa chako ni changu kabisa, ila kwangu ilikuwa fangasi.

Chumba cha watoto, kona moja ya ukuta wa nje ilikuwa inapata madoa meusi kila baridi ikiingia. Tunafuta, tunapaka rangi, baada ya wiki chache yanachungulia tena. Tukaisogezea kona kila kitu mbali, kitanda kikawa kimekaa mshazari katikati kama mashua iliyokwama. Niliapa ni maji yanapita ukutani. Nikaambiwa nifanye hivi: bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote nne kwa tepu, acha siku mbili. Unyevu ukitokea nyuma ya nailoni, unatoka ukutani. Ukitokea juu yake, upande wa chumba, ni mvuke wenu wenyewe unaganda kwenye ukuta wa baridi.

Kwangu ulitokea juu. Mvuke wetu! Tulikuwa tunaanika nguo chumbani madirisha yamefungwa, na kabati limegandishwa ukutani hewa haipiti. Nikatoa nguo, nikalivuta kabati sentimita kama 5 kutoka ukutani, dirisha linafunguliwa asubuhi hata kukiwa na baridi. Nikasugua madoa mpaka yakaisha, ukuta ukakauka kabisa, ndipo nikapaka rangi. Nisisitize hapo kwenye kukauka, maana mara tatu za mwanzo nilikuwa napaka rangi juu ya fangasi hai. Ni kama kuifunika blanketi.

Kipepeo Mweusi

Nimesahau: mimi nilichanganya dawa ya klorini na siki nikidhani itaongeza nguvu. Nilitoka chumbani nakohoa machozi yananitiririka.

Bawaba

@Kipepeo Mweusi usirudie tena hiyo. Klorini na siki (au asidi yoyote ya kusafishia choo) vinatoa gesi ya sumu. Chagua kimoja, fungua madirisha, vaa glavu.

Mimi ni seremala kwa hiyo nitaongelea milango, ndiko naona watu wanaumia. Kila mvua zikianza simu yangu haipumziki: "Fundi, mlango haufungi, njoo upige randa." Mbao imekunywa unyevu wa hewa ikavimba, ni tabia yake. Sasa ukiupiga randa leo mpaka ufunge kiulaini, kiangazi kikija itanywea, na utabaki na upenyo wa kuingiza vidole. Nimeshapigiwa simu na mtu yule yule, miezi sita baadaye, analalamika baridi na mbu vinapita pembeni ya mlango nilioukata mimi mwenyewe. Nilijifunza siku hiyo.

Siku hizi naanza na bawaba. Mara nyingi skrubu za bawaba ya juu zimelegea, mlango umeinama unakwaruza sakafu. Kaza, au weka ndefu zaidi, nusu ya kesi zangu zinaishia hapo. Kama bado unagusa, nautia msasa kidogo sana na kusubiri. Kiangazi ndiyo nashusha mlango mzima na kupaka vanishi kingo zote, pamoja na ile ya juu na ya chini. Hizo mbili hazionekani, kwa hiyo hazipakwi, na ndiko unyevu unakoingilia.

Kuhusu nafasi: jamani, angalieni mlango unafungukia wapi. Nilienda kwenye chumba kimoja kidogo, mlango ukifunguka unakula kona nzima, hapakai hata stuli. Tukauhamishia bawaba upande wa pili ukawa unalala kwenye ukuta mtupu. Mwenyewe akasimama pale kwenye kona, amekunja mikono, anacheka tu.

Tone la Asubuhi

Mtanisamehe, mimi napinga kidogo. Kwangu hakukuwa na kuvuja, hakukuwa na fangasi. Nyumba ilibana kwa sababu ya uchoyo wangu wa kutupa vitu. Makopo ya rangi yaliyokauka, feni mbili mbovu "nitazitengeneza", maboksi ya vitu ambavyo boksi lake tu ndilo limebaki. Hapo hata ungeniezekea upya paa lote ningebanana.

Nikanunua kioo kikubwa, maana kila mtu anasema kioo kinaongeza chumba. Nikakitundika kikatazamana na rafu ya viatu. Badala ya chumba kuwa viwili, viatu vikawa mara mbili 😂. Kimekaa sawa nilipokihamisha kikatazamana na dirisha, kinarudisha mwanga na miti ya nje.

Mwenye uzi

@Tone la Asubuhi umenichekesha hadi nimemwagikiwa maji. Ila hatupingani, hata mimi godoro la koridoni lilibaki wiki mbili baada ya paa kupona. Tulishalizoea.

Fimbo ya Pazia

Nitaje langu haraka. Fimbo za pazia zilikuwa zimepigwa juu tu ya fremu ya dirisha, na zina upana ule ule wa dirisha, kwa hiyo hata pazia likifunguliwa linaziba theluthi ya mwanga. Nilikuja kuligundua hilo siku ya kushusha mapazia yafuliwe kabla ya mvua: chumba kikafunguka ghafla, nikabaki nashangaa. Nikazirudisha karibu na dari, na zimezidi dirisha kama sentimita 20 kila upande, kitambaa kikivutwa kinakaa ukutani. Dari lilionekana limepanda. Na nilisafisha vioo, aibu kusema vilikuwa na vumbi la kiasi gani.

Nyongeza: kabla ya kununua kochi, chora ukubwa wake sakafuni kwa tepu na uishi na mchoro huo siku mbili. Mimi niliupitia juu mara kumi kwa siku ya kwanza, nikajua halikai.

Mlinzi wa Gata

Hakuna aliyetaja gata, ule mfereji wa maji ukingoni mwa paa? Yangu ilijaa majani, maji yakawa yanamwagikia ukutani badala ya kufuata bomba. Kwa ndani plasta ikavimba na kutoa unga mweupe wa chumvi, na tukasogeza meza ya chakula kutoka ukuta ule mpaka ikaziba njia ya jikoni. Nilikwangua plasta mara mbili kabla mtu hajaniambia nitoke nje nitazame juu.

Sasa nazisafisha mara mbili kwa mwaka, majani yakishapukutika na kabla ya mvua. Nikimaliza namwaga ndoo ya maji upande wa juu natazama yanaelekea wapi. Yakituama katikati, kishikio kimelegea au mteremko haupo. Milimita 2 au 3 kwa kila mita zinatosha. Na ngazi jamani: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishike. Nimeanguka mara moja, sielezi zaidi.

Ukuta ulichukua miezi kukauka. Meza imerudi pale pale.

Bawaba

@Mlinzi wa Gata hiyo ya ndoo ya maji naiiba.

Kona ya Nyuma

Nimesoma wote kimya. Swali kwa mwenye uzi: stoo yangu ina doa la kahawia darini, limekauka, lina mwaka wa tatu. Sijaona tone hata siku moja. Niache?

Mwenye uzi

Mkuu, chora ukingo wake kwa penseli na uandike tarehe. Mvua ikipita, tazama tena. Likivuka mstari, bado linakunywa. Stoo hiyo unaitumia?

Kona ya Nyuma

Hapana. Tuliacha tangu doa litokee. Vitu vyake vyote viko chumbani kwangu.

Aisee.

Wingu limeshafunga huku, natafuta penseli. Nitaleta mrejesho.