Naomba ushauri: pampu ya haidroliki ya buldoza inapiga kelele

Wakuu habari, naomba msaada kwa mafundi wa mitambo. Buldoza inalia upande wa pampu ya haidroliki, oili ikiwa baridi ni mlio mwembamba tu ila nikinyanyua bledi (lile bamba la mbele la kusukumia udongo) oili ikishapata moto inageuka mkwaruzo kama kuna kokoto ndani, na bledi inapanda kwa kusitasita. Leveli ya oili iko sawa lakini kwenye tangi naona povu, ndo maana nahisi inavuta hewa mahali, labda oringi (mpira wa duara wa kuziba maungio) au klampu za hosi ya kuvutia oili, na pale uvujaji hauonekani kirahisi maana hewa inaingia ndani badala ya oili kutoka. Kuna fundi kaja kasikiliza kidogo tu kasema pampu imekufa ninunue mpya, hata filta hajagusa, mi sijakubali. Filta nimeichana mwenyewe, sijaona chenga za chuma za kuonyesha pampu inalika.

Sasa nianze na strena (chujio la wavu) ya ndani ya tangi na kipumulio cha tangi (pa kupitishia hewa), au nipime kwanza presha na oili inayovuja ndani ya pampu? Na ile ya kupaka grisi kwenye maungio ya hosi ili izibe pa kuingilia hewa, halafu usikilize kama mlio unapungua, kuna aliyeijaribu? Mtambo nimeusimamisha kwanza.