Vigae vya chumvi vya Uvinza vinazolewa kama kifusi, na kila ofisi inanawa mikono

Ndugu wanajukwaa, na hasa wenzangu wa Uvinza, Nguruka na Kigoma mjini, naandika nikiwa na hasira ambayo nimelala nayo na kuamka nayo kwa wiki mbili sasa.

Asubuhi moja nilikuta kijiko kikichota udongo jirani na chemchemi za zamani za maji chumvi, upande wa Mto Ruchugi, na kuupakia kwenye lori la mkandarasi aliyetafuta kifusi cha barabara. Nilisogea, nikaokota kitu kilichokuwa kimedondoka pembeni mwa gurudumu. Kilikuwa kigae cha chungu, kinene kama kidole gumba, upande wa nje umeungua ukawa mweusi, na upande wa ndani una ukoko wa kijivu ambao nilipousugua kwa ukucha haukubanduka. Dereva akaniambia, "Mzee, hayo ni matofali mabovu tu, tuache tufanye kazi."

Hayo si matofali. Wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapa katika miaka ya 1960, na kazi yao ilionyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi Uvinza tangu karibu karne ya 5 au ya 6, yaani mamia ya miaka kabla Kilwa haijajenga msikiti wake mkuu. Kila kiangazi, maji ya mito yanapopungua na chemchemi kubaki wazi, watu walipiga kambi hapa, wakateka maji chumvi, wakayachemsha kwenye vyungu mpaka maji yakakauka, kisha wakafunga mizigo iliyokwenda Ujiji, Unyamwezi na ng'ambo Burundi. Wasafiri wa Kizungu walipita nchi hii, Burton mwaka 1858 na Stanley mwaka 1871, na wote walikuta watawala wa Wavinza wanaojua thamani ya nchi yao, ambao mgeni hakupita kwao bila kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita. Chungu kikipasuka kilitupwa palepale, na ndiyo maana udongo ule umejaa vigae. Ule ndio kiwanda chenyewe, ndugu zangu.

Wajerumani walipokuja mwanzoni mwa karne ya 20 walijenga kiwanda chao na kupaita mahali hapa Gottorp, jina la ngome ya kwao, na mtu aliyezoea kuchemsha chumvi yake mwenyewe akageuka kibarua. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, chumvi ikaacha mabega ya wapagazi ikapanda behewa. Babu yangu mzaa baba alikata kuni za kiwanda hicho, na alikuwa akituonyesha milima iliyobaki vichaka akisema misitu yote ile iliishia chini ya masufuria ya chumvi. Leo nikimuuliza kijana wa sekondari hapa kwetu mji huu ulianzaje, ananijibu kwamba ulianza kama stesheni ya treni. Simlaumu, kwa kuwa hakuna kibao hata kimoja cha kumwambia vinginevyo.

Ninaowalaumu ni wenye dhamana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na naamini kigae changu ni cha zamani kuliko mwaka huo kwa mbali. Nilikipeleka katika ofisi ya kwanza, nikaelekezwa ya pili. Ya pili ikaniambia suala la ardhi si lao. Ya tatu ikanitaka nilete barua kutoka ya kwanza. Muda wote huo lori lilikuwa likienda na kurudi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nchi inajua kuenzi historia inapotaka. Ujiji pana makumbusho ya Livingstone, na mwaka 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iliingizwa katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitajwa Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Sipingi hata kimoja. Lakini msafara uliotoka Kwihara kwenda Ujiji ulipita katika nchi ya Uvinza, na Uvinza, ambako Waafrika walizalisha mali kwa mikono yao na kuiuza wenyewe, haimo. Tunahifadhi kumbukumbu za waliouzwa na za wageni waliotutembelea, halafu za waliofanya kazi tunazishindilia chini ya barabara.

Nataka uchimbaji usimamishwe kwanza, kisha maofisa wa mambo ya kale waje kupima eneo na kuweka mipaka kabla mvua hazijaanza, maana mashimo yaliyoachwa wazi yatasombwa na maji. Wenye picha za zamani za kiwanda, na wenye wazee waliofanya kazi huko, naomba muweke hapa mlicho nacho.

Kigae nimekihifadhi nyumbani ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nitamkabidhi ofisa atakayekuja na barua ya kusimamisha lile lori.