Kuajiri kampuni ya kutengeneza programu: bei ya mkupuo, malipo kwa saa au timu ya mwezi?

Mpimaji

Wakuu, mtu akitaka kutengenezewa mfumo wake mwenyewe, swali la kwanza huwa ni bei. Mimi bei naiweka nafasi ya tatu au ya nne. La kwanza ni aina ya mkataba, maana ndiyo inayoamua nani atabeba hasara makadirio yakikosewa. Na makadirio ya programu hukosewa hata na mafundi wazuri.

Bei ya mkupuo: kazi yote inaandikwa, kampuni inataja bei moja na tarehe moja. Hasara ya kukosea hesabu ni ya kampuni, kwa hiyo nayo inajikinga. Mafundi wake wakikadiria saa 1,000, bei itakayokufikia ni ya saa 1,250 au 1,300, na hizo za juu utazilipa hata zisipotumika. Kinga yake ya pili ni kali zaidi: chochote ambacho hakikuandikwa ni badiliko, na badiliko lina bei yake. Mkupuo unafaa kazi inayojulikana hadi mwisho wake, kama kuunganisha njia ya malipo, kuhamisha mfumo kutoka seva moja kwenda nyingine, au kutengeneza ripoti ambazo fomu zake tayari zipo.

Malipo kwa saa: hasara inahamia kwako, ila unapata uhuru wa kubadili mawazo bila kufungua mkataba upya. Ubaya wake ni kwamba hakuna kinachoisukuma kampuni kumaliza. Weka kikomo cha saa kwa kila awamu, dai kuona programu ikifanya kazi kila baada ya wiki 2, na ukatae ankara isiyosema kitu. "Upande wa seva, saa 38" haikaguliki. "Kutuma ujumbe wa simu wa kuthibitisha oda, saa 6" inakagulika, kwa sababu unaweza kufungua mfumo, kuweka oda na kuona kama ujumbe unafika.

Timu ya mwezi: unakodi watu, tuseme mafundi 3, mjaribu 1 na mbunifu wa skrini kwa nusu ya muda, kisha unawaongoza wewe. Gharama yake inaeleweka kazi ikizidi miezi 6 na ukiwa na mtu wako mwenye mamlaka ya kuamua, anayetoa walau saa 10 kwa wiki. Mtu huyo asipokuwepo, mafundi wanakaa siku 3 wakisubiri jibu la swali la dakika 5, na mwezi unahesabika vilevile.

Ninachopendekeza kwa kazi nyingi ni kuanza na awamu fupi ya uchambuzi, wiki 2 hadi 4, inayolipiwa peke yake. Mwishoni uwe na michoro ya skrini, orodha ya mahitaji, mchoro wa data na makadirio ya kila kipengele, na vyote viwe mali yako. Ukiwa na karatasi hizo unaweza kuomba bei kwa kampuni nyingine mbili, na sasa zote zinakadiria kitu kimoja.

Jicho_Kali

Mpimaji ameanza vizuri. Mimi nasimama kwenye maneno ya mkataba wenyewe, kwa sababu mkupuo unaharibika ndani ya sentensi. Angalieni hii: "Mfumo uwe na uwezo wa kutafuta mteja." Inaonekana haina kasoro. Fundi ataweka kisanduku kinachompata mteja pale tu jina linapoandikwa sawasawa, herufi kwa herufi, na kwa mujibu wa karatasi kazi imekwisha.

Sasa iandike hivi: "Mhudumu akiandika herufi 3 au zaidi za jina, au tarakimu 4 za mwisho za namba ya simu, anaona wateja wanaolingana, 20 kwa ukurasa, ndani ya sekunde 2, hifadhidata ikiwa na wateja 50,000. Asipopatikana yeyote, skrini iseme hivyo na itoe kitufe cha kusajili mteja mpya. Mhudumu wa tawi moja asione wateja wa tawi jingine."

Kila kipande hapo ni kipimo. Mtu anakaa mbele ya skrini na kutamka: kimepita, hakijapita. Tazameni hasa sentensi ya mwisho, ile ya matawi. Ikisahaulika na kugunduliwa mwezi wa tano, haitengenezwi mahali pamoja. Inagusa kila skrini, kila ripoti na kila faili linalopakuliwa, na likisahauliwa moja tu, data za watu zinavuja. Ndiyo maana maswali ya "nani anaona nini" yaulizwe kabla ya maswali ya rangi na nembo.

Na msidhani kulipa kwa saa kunawaepusha na haya. FBI ya Marekani iliuacha mfumo wake wa kuhifadhi kesi, Virtual Case File, mwaka 2005 baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Ukaguzi ulitaja mahitaji yaliyokuwa hayajaeleweka na kuendelea kubadilika, na mkataba wa kurudisha gharama (mnunuzi hulipa gharama zinazotumika, kama kwenye malipo kwa saa) usiokuwa na hatua za lazima wala adhabu ya kuchelewa.

Bi_Mkataba

Mniruhusu niseme la umiliki, kwa sababu huwa linagunduliwa siku ya ugomvi. Wateja wengi wanaamini kwamba ukilipa, msimbo (maandishi yenyewe ya programu) ni wako. Katika sheria za hakimiliki za nchi nyingi, kazi ya mkandarasi huru inabaki yake mpaka aihamishe kwa maandishi. Kwa hiyo tafuteni kitenzi. "Mteja anapewa haki ya kutumia" ni leseni. "Hakimiliki inahamia kwa mteja" ndio umiliki. Mkitaka kuwa salama, uhamisho utokee kila awamu inapolipwa. Ukingoja malipo ya mwisho, mzozo mdogo wa ankara moja unashikilia mfumo mzima.

Kampuni karibu zote zina vipande vyao walivyoviandika zamani, kwa mfano sehemu ya kuingia au ya kutengeneza ripoti. Hawatakupa hakimiliki ya hivyo, na ni haki yao. Wewe dai leseni ya kudumu, isiyo na ada, inayokuruhusu kuvirekebisha na kumpa fundi mwingine avirekebishe kwa niaba yako. Dai pia tamko kwamba mafundi wao na vibarua wao wameihamishia kampuni haki zao, maana kampuni haiwezi kukupa isichokuwa nacho.

Halafu kuna maktaba za bure, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine ambavyo mafundi huvitumia ndani ya mfumo wako. Omba orodha ya zote pamoja na leseni zake. Leseni za MIT na Apache 2.0 hazina masharti mazito: kwa kiasi kikubwa ni kutunza tangazo la hakimiliki. GPL inadai ukimsambazia mtu programu hiyo, umpe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. AGPL inafika hadi kwa wanaoitumia programu iliyorekebishwa kupitia mtandao. Anayepanga kuuza mfumo wake baadaye aisome orodha hii kabla ya kusaini.

Mlinzi_wa_Seva

Dada Bi_Mkataba amegusa karatasi, mimi nagusa funguo. Domeini (anwani ya tovuti), akaunti ya wingu (seva za kukodi mtandaoni), hazina ya Git (panapotunzwa msimbo na historia ya mabadiliko yake), akaunti za Apple na Google za kuwekea aplikesheni, akaunti ya kutuma ujumbe: zote zifunguliwe kwa jina la mteja, kwa barua pepe ya ofisi na kadi ya mteja, kisha kampuni ialikwe ndani. Ifanyike siku ya kwanza. Mkishatofautiana, kumtoa mtu kwenye akaunti yako ni kazi ya dakika 2, lakini kuidai akaunti iliyo kwa jina lake kunaweza kuchukua miezi.

Hata asiyejua kuandika programu anaweza kuisoma hazina ya Git. Fungua historia. Kazi ya miezi 3 yenye mafundi wawili inapaswa kuonyesha mamia ya mabadiliko madogo, yenye tarehe na maelezo. Ukikuta badiliko moja kubwa lililoitwa "mwisho", ujue msimbo umeandikwa kwingine na wewe umemwagiwa nakala tu. Fundi atakayekuja baadaye hatajua kwa nini mstari fulani uliandikwa.

Jaribio la makabidhiano ninalolitetea ni hili: mtafute fundi asiye na uhusiano na kampuni, mpe hazina, maelezo yaliyoandikwa na kompyuta tupu. Auwashe mfumo, abadili neno moja kwenye skrini, alipeleke kwenye seva ya majaribio. Siku moja ya kazi inatosha kwa mfumo wa kawaida. Akishindwa, orodha ya alipokwama ndiyo orodha ya ambacho hujakabidhiwa. Mara nyingi utakuta siri (nywila na funguo za mfumo) zilizo kwenye kompyuta ya mtu mmoja, toleo la hifadhidata lisilotajwa, au hatua ambayo "kila mtu anaijua".

Bakapu nazo zirejeshwe mbele yako. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi hazina za Git, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya uzalishaji, ile inayotumika na wateja, na njia za bakapu walizotegemea zikaonekana hazifanyi kazi. Data ya takriban saa 6 ilipotea.

Mgeni_wa_Mada

Asanteni, nimeelewa mengi. Swali: kampuni ya watu 6, kampuni ya watu 200, au fundi mmoja wa kujitegemea? Mfumo ni wa oda na stoo, watumiaji kama 40.

Mpimaji

Ndugu, idadi haikusaidii sana. Uliza nani ataandika msimbo wako. Kampuni kubwa huleta wazoefu kwenye kikao cha kuuza, kisha kazi ikapewa wanaojifunza. Omba kuzungumza na fundi mkuu atakayekuwa kwenye kazi, dakika 45, na umpe tatizo halisi la stoo yako: wahudumu wawili wanauza kipande cha mwisho kwa wakati mmoja, mfumo unafanya nini? Anayejua kazi atakuuliza maswali kabla ya kujibu. Majina ya mafundi wakuu yaandikwe mkatabani, na akibadilishwa mmoja, mpya afanye kazi pamoja na wa zamani wiki 2 kwa gharama ya kampuni.

Fundi mmoja anatosha kwa kazi isiyozidi miezi 2. Kwa mfumo ambao watu 40 wanautegemea kila siku sitamshauri mtu, kwa kuwa hakuna anayekagua msimbo wake na akiugua hakuna wa kushika.

Ukiomba wateja wa kuwauliza, omba yule ambaye mfumo wake una zaidi ya miaka 2. Muulize amelipa kiasi gani juu ya bei ya kwanza, hitilafu ya mwisho ilichukua siku ngapi, na kama fundi aliyeuandika bado yupo.

Na kabla ya yote, linganisha na programu iliyo tayari. Uhasibu na mishahara usivitengeneze, vinunue. Hata stoo, jaribu mbili tatu za kununua kwa wiki 2 kwa data yako mwenyewe. Andika kinachokosekana. Kikiwa ni vitu 3, huenda inatosha kuviunganisha pembeni.

Jicho_Kali

Kwa mfumo wa stoo kuna jambo ambalo makadirio mengi hulitengea mstari mmoja tu: kuhamisha data za zamani. Faili za Excel zina mitego inayojulikana. Namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele kwa sababu Excel imezisoma kama hesabu. Tarehe 03/04 ni Aprili kwa mmoja na Machi kwa mwingine, na zote mbili zinapita bila kosa kuonekana. Bidhaa moja ina majina manne. Idadi ya stoo ina alama ya kutoa, na hakuna anayejua kama ni kosa au ni deni.

Dai uhamishaji wa majaribio mara 3 kabla ya ule wa kweli, kila mmoja ukiwa na hesabu mbili za kulinganisha: idadi ya rekodi zilizoingia dhidi ya zilizotoka, na jumla ya thamani ya stoo pande zote mbili. Rekodi zilizokataliwa ziorodheshwe na sababu. Kusafisha majina ya bidhaa ni kazi yako, kampuni haijui kama "sukari kg 1" na "suk. 1kg" ni kitu kimoja. Ianzeni siku mkataba unaposainiwa.

Mlinzi_wa_Seva

Na baada ya kuzindua? Mfumo usioguswa unaoza. Desemba 2021 lilifichuliwa tundu la usalama kwenye Log4j, maktaba ya Java iliyokuwa ndani ya mifumo mingi mno duniani, na wengi hawakujua hata kama wanayo. Kwenye mkataba wa matunzo andikeni nani anasasisha maktaba, kila baada ya muda gani, na tundu kubwa linazibwa ndani ya siku ngapi. Kama makadirio ya kuanzia, wengi hutenga 15% hadi 20% ya gharama ya kutengeneza kwa kila mwaka.

Tenganisheni pia hitilafu na badiliko. Kisichofanya kazi kama karatasi ilivyosema ni hitilafu, kinatengenezwa bure katika kipindi cha dhamana, siku 90 kwa mfano. Hapo ndipo sentensi za Jicho_Kali zinapolipa.

Bi_Mkataba

Kwa mfumo wa Mgeni ningegawa malipo hivi: 10% wakati wa kusaini, 70% kwa awamu 4 au 5 zinazokubaliwa kwa vipimo, 10% siku ya kuzindua, na 10% ya mwisho baada ya dhamana na lile jaribio la kompyuta tupu. Anayetaka nusu kabla ya kuanza, uliza inalipia nini hasa.

Ukimya usihesabiwe kuwa ni kukubali kazi. Mikataba mingi husema mteja asipojibu ndani ya siku 5 awamu imepokelewa. Dai siku 10 za kazi na kukubali kwa maandishi. Upande wako nao ubanwe: ukichelewesha majibu au data, tarehe ya mwisho isogee kwa siku hizohizo.

Kifungu cha kuondoka kiseme notisi ya siku 30, malipo ya kazi iliyofanyika tu, na makabidhiano ya msimbo, data katika muundo unaosomeka, na nywila zote ndani ya siku 5. Kisomwe na mwanasheria wako kabla hujatuma hata malipo ya awali.