Naomba ushauri: mota ya ndege ya sola inapoteza nguvu kwenye majaribio

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi umeme hapa Tabora mjini. Pamoja na vijana wawili tunatengeneza ndege ndogo isiyo na rubani, mabawa mita 3, iruke kwa umeme wa jua. Ndege ya sola iitwayo Solar Impulse 2 ilizunguka dunia 2015 hadi 2016 kwa mota nne tu, ndiyo iliyotutia hamu.

Tunapima mota kwanza, imefungwa kwenye mkono wa mbao unaokandamiza mizani ya jikoni. Kwa betri ya lithiamu ya seli tatu inavuta ampea 9, msukumo gramu 620. Baada ya dakika tano unashuka hadi 540, na mota haishikiki kwa joto. Najua huku tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari na hewa ni nyepesi, lakini hiyo ingepunguza msukumo tangu mwanzo, si kidogo kidogo.

Shida kubwa ni tukiunganisha seli 24 za sola moja kwa moja. Saa sita mchana, bila mzigo, zinasoma voliti 14. Nikiongeza mwendo zinaporomoka chini ya 9, mota inakatika, inawaka, inakatika tena. Nimeweka nyaya nene na propela ndogo zaidi. Joto limepungua, kukatika kuko palepale.

Nitajuaje kama msukumo unashushwa na joto la mota au na betri kuishiwa? Na je, kontrola ya MPPT (ile inayotafuta voliti ambayo sola hutoa nguvu nyingi zaidi) ya sola za nyumbani inafaa kukaa kati ya seli na betri ya lithiamu? Betri tunayo moja tu, na hizi zikichajiwa vibaya huwaka moto, ndiyo maana nauliza kabla ya kujaribu.